Fomu Niliyomjazia Mama

Mimi si mwanasheria, ingawa wateja wangu wengine huniita hivyo wakitaka niwahishe kazi yao. Ni mchapaji. Nina meza mbili, kompyuta moja nzima na nyingine yenye kigugumizi, printa, na kibanda cha kupanga mjini Sumbawanga, hatua chache kutoka mahakama ya mwanzo. Watu huniletea shida zao zimeandikwa kwenye karatasi za daftari, nami nazivalisha nguo za kiserikali. Nimechapa maombi ya usimamizi wa mirathi mpaka nayajua kichwani. Nimechapa barua za kuachishwa kazi na rufaa za walioachishwa, mikataba ya vyumba vya kupanga mtaa wa Katandala, na viapo vya watu ambao cheti cha shule kina jina moja na kitambulisho cha taifa kina lingine. Sheria ikibadilika najua mapema, maana fomu ya jana inarudishwa. "Hii ni ya zamani," wanaambiwa dirishani, kisha wanarudi kwangu wamenuna utadhani mimi ndiye bunge.

Nimeanza na haya ili mtu asije akanionea huruma kwamba sikujua. Nilijua.

Mama yangu alikuwa na shamba kijijini kwetu, ng'ambo ya Laela. Ukishuka kwenye basi unatembea saa nzima kwa mguu, au unapanda bodaboda na kuomba Mungu. Shamba lenyewe si kubwa, lakini mama alililima tangu alipoolewa, na alililima kwa ntumba kama alivyofundishwa na mama yake. Mvua zikikaribia kwisha aliyalaza majani kwa duara na kuyafunika kwa udongo na mizizi yake, mpaka pakawa na kichuguu cha kufika magotini; hiyo ndiyo ntumba. Juu yake akapanda maharage. Majani yakaoza humo ndani kwa ndani, na mvua za mwaka uliofuata zikianza alivibomoa vichuguu vyote, akausambaza ule udongo mweusi na kupanda mahindi. Mbolea ya dukani mama aliijua kwa bei yake tu.

Ukipita njiani ukaona shamba la ntumba, kijijini kwetu huulizi ni la nani. Kila mwanamke ana mkono wake. Za mama zilikuwa kubwa na zimebanana, na shangazi yangu alikuwa akimtania kwamba anazipanga kama mtu anayeogopa kuibiwa nafasi.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita na mdogo wangu wa kiume darasa la tatu. Ukoo wa baba ulikaa kikao, wakasema mama abaki na shamba lake. Hakuna aliyeandika kitu, na hakuna aliyeona haja. Msimu uliofuata mama akapika pombe ya ulezi ili majirani waje kumsaidia ntumba, na wito ukatoka kwa jina la mdogo wangu. Ndiyo desturi iliyokuwapo: kazi ya shamba inaitishwa kwa jina la mwanamume wa nyumba. "Kesho tunalima kwa fulani," watu wakaambiana, na huyo fulani alikuwa bado anakojoa kitandani. Hakuna aliyedhani kwamba shamba limekuwa lake. Jina lake lilikuwa la kuitia watu tu, kama jumuiya ya kanisani inavyoitwa kwa jina la mtakatifu fulani na bado wanaofagia ni kina mama walewale. Pombe ilikuwa ya mama, na mavuno ya mama. Ikaendelea hivyo miaka yote.

Miaka michache iliyopita kijiji kikaingia kwenye mpango wa kupimiwa mashamba na kupewa hati za hakimiliki ya kimila. Wapimaji wakaja na vishikwambi vyao, wakawasimamisha majirani kwenye mipaka, wakatembea na kubonyeza. Kwenye mkutano wa kijiji walieleza vizuri, siwasingizii. Walisema mjane ana haki ya kuandikwa, walisema mume na mke waandikwe wote wawili, walisema hati si mchezo. Mama alikuwepo mkutanoni. Alipiga makofi pamoja na wenzake, kisha akanipigia simu.

"Njoo utujazie," alisema. "Wewe ndiye unayejua karatasi."

Nilifunga kibanda siku moja nikaenda. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji na peni yangu, nikawajazia nusu ya kitongoji. Sifichi, nilijisikia mtu mkubwa. Wazee waliokuwa wakinituma chumvi walinipisha nipite. Ilipofika zamu ya mama nikauliza kama nilivyowauliza wengine wote: jina la mwombaji.

"Andika la mdogo wako," mama akasema.

"Mama, hapa linawekwa jina la mwenye shamba."

"Ndiyo. Andika la mdogo wako. Mimi wote wananijua nilipo."

Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu yetu, mtu mzima sasa, ana mke na watoto. Hakusema andika, hakusema usiandike. Alikuna shingo. Nikamtazama mama, nikajua kabisa anachofikiri. Anafikiri tunaitisha watu wa ntumba. Anafikiri karatasi nayo ni wito, inataka jina la mwanamume litangulie, halafu mambo yaendelee kama kawaida. Mkutano wote ule, na makofi yale yote, yalikuwa yamepita juu ya jambo hilo moja bila kuligusa.

Ilinipasa kuweka peni chini. Nikaandika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa ugomvi na mdogo wangu mbele za watu, hiyo ni kweli. Pia nilichoka, na nilimkasirikia mama kidogo, hasira ile ya mtoto aliyesoma dhidi ya mzazi asiyetaka kuelewa. Na kulikuwa na karatasi ya pili. Kwa kuwa kijiji kizima kilijua shamba ni la mama, kamati ilitaka tamko lake kwamba ameridhia liandikwe kwa jina la mwanawe na ameachia haki zote za umiliki. Mwishoni pana maneno ninayoyachapa kila wiki: *Nimesomewa maelezo haya kwa lugha ninayoielewa vizuri, nami nimeyakubali.* Chini yake dole gumba. Chini ya dole gumba, jina na sahihi ya aliyesoma.

Mama alikomea darasa la nne. Kiswahili cha kanisani na cha sokoni anakijua, lakini kile cha kwenye fomu hata walimu kinawatoa jasho. Alitakiwa kusomewa kwa Kifipa. Na Kifipa changu, baada ya miaka yote hii ya mjini, ni cha kusalimia na kuombea maji. Nilitafuta kichwani jinsi ya kusema "haki zote za umiliki," sikuipata. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, upepo wa huko kwetu unapeperusha makaratasi, na basi la mwisho la kurudi Sumbawanga halimsubiri mtu. Nikalishika dole gumba la mama, nikalikandamiza kwenye wino, nikalikandamiza kwenye karatasi. Nikatia sahihi yangu nzuri chini yake. Mama akacheka kuona kidole chake kilivyokuwa cha buluu. Kumenya kitunguu kungechukua muda mrefu zaidi.

Misimu miwili ikapita. Mama akalima, akavuna, akaniletea maharage nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Chanji, kama kawaida yake. Kisha asubuhi moja mdogo wangu akatokea kibandani, amevaa shati la kuendea mjini.

"Shikamoo dada. Nichapie hii haraka, mtendaji wa kijiji anaisubiri."

Niliitikia, nikaweka karatasi yake kando ya kibodi na kuanza bila kusoma kwanza, ndivyo tunavyofanya. Ilikuwa ridhaa ya mwenza. *Mimi, mke halali wa fulani, naridhia kwa hiari yangu mume wangu auze shamba lililopo…* Nilishafika kwenye mipaka. Mashariki kijito, kusini njia iendayo kigangoni. Vidole vikasimama.

"Unauza shamba la mama?"

"La mama lipi, dada? Hati ina jina langu."

"Jina lako liliandikwa kwa sababu…"

"Liliandikwa na wewe."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akavuta kiti akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba anataka kuingia kwenye biashara ya kununua mahindi pale Laela. Mnunuzi alikuwa mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka kanda ya ziwa, amekaa kijijini miaka mingi, mtu mzuri, na halmashauri ya kijiji haikuwa na kinyongo naye. Mama mgongo umekwisha. "Siku hizi jembe ndilo linalomlima yeye," alisema. Mama atakuja Chanji kwangu, apumzike, alee wajukuu.

"Mama anajua?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Ukishachapa."

Nikasoma tena yale niliyokwisha kuchapa. Sheria ilikuwa imemkumbuka mke wa mdogo wangu, na sina neno baya kwa hilo. Nimewaona wanawake wakilia kwenye kiti kile kwa sababu nyumba iliuzwa wakiwa sokoni, na tangu ridhaa ya mwenza ianze kudaiwa kwa makini nimeona wanaume wakirudi nyumbani kubembeleza. Lakini wifi yangu hajawahi kuinama kwenye lile shamba hata siku moja, na sahihi yake ilitakiwa. Ya mama haikutakiwa popote. Kwenye karatasi mama alishakwisha, na mimi ndiye niliyemfuta.

Nilimwambia atoke. Nilimwambia na maneno mengine, sitayaandika, watu wa kibanda cha jirani walikuja kuchungulia. Akachukua karatasi yake akatoka. Mlango wa tatu kutoka kwangu yupo mchapaji mwenye kasi kunizidi.

Kesho yake nilikwenda kwa mama. Nilimkuta shambani, ameshamaliza safu nne za ntumba, maharage ya safu za kwanza yameanza kuchipua. Nilimwambia habari yote nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. Aliendelea kufunika majani.

"Atauzaje?" akasema. "Ntumba ni zangu."

"Hati ina jina lake, mama."

"Jina tu."

Hapo ndipo nilipomweleza, kwa Kifipa changu kibovu na Kiswahili na mikono, jambo nililotakiwa kumweleza siku ile kwenye benchi. Na ajabu ni kwamba haikuwa ngumu. Nilisema: ile karatasi ilisema umempa shamba, lote, hata akikuambia uondoke utaondoka. Ni hilo tu, maneno machache. Mama akanyooka taratibu, mkono kiunoni.

"Siku ile hukusema hivyo."

"Foleni ilikuwa ndefu," nikajibu. Nilisema hivyo, kwa mama yangu, akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

Nilirudi mjini nikamuuliza wakili mmoja ambaye ni mteja wangu, nikijifanya naulizia mtu mwingine. Alisema mlango uliobaki ni mmoja. Kama yule mama hakusomewa tamko, tamko linaweza kutupwa, na hati yenyewe ikahojiwa. "Lakini huyo aliyeandika kwamba alimsomea," akasema huku akikusanya makaratasi yake, "ajiandae." Nikamlipisha kazi yake nikamshukuru.

Tukafungua shauri baraza la kata. Mama hakutaka. Kumpeleka mtoto wake wa kumzaa mbele ya watu kulimwuma kuliko shamba, na alikubali kwa sharti moja, kwamba hatasema lolote baya juu ya mdogo wangu. Nikamwambia haitakiwi kusema ubaya wa mtu. Ataulizwa kama alisomewa, aseme ukweli, basi. Sikumwambia kwamba ukweli huo ungeniangukia mimi. Nilitaka kujionyesha jasiri wakati wake ukifika. Usiku na mchana niliitengeneza sentensi yangu: *Waheshimiwa, mimi ndiye niliyeandika, na sikumsomea.* Niliisema nikipika, niliisema nikifagia kibanda.

Siku ya baraza mwenyekiti alianza kwa kutueleza kazi yao. "Sisi siku hizi hatuhukumu," alisema, "sheria imetuondolea. Tunasuluhisha. Mkishindwana tunawaandikia, mnaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya." Alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, miwani yake imefungwa kamba. Mnunuzi alikuwa amekaa nyuma na mkewe, kofia mapajani. Alipoulizwa alisema hataki laana ya mama wa mtu, familia imalizane kwanza, yeye atasubiri. Nilijaribu kumchukia, ikanishinda.

Mdogo wangu akatoa nakala ya tamko. Mwenyekiti akaisoma yote kwa sauti, akatafsiri kwa Kifipa kilichonyooka, kifungu kwa kifungu. Nilimwona mama akisikiliza. Alisikiliza kama anavyosikiliza majina ya marehemu kwenye misa, bila kupepesa. Mwenyekiti alipomaliza akavua miwani.

"Hapa chini pameandikwa mama alisomewa na akakubali. Aliyesaini kwamba alisoma ni binti yake, huyu hapa. Sasa mnasema hakusomewa. Mnielewe vizuri. Kama hakusomewa, karatasi hii ni ya uongo, na jambo la uongo kwenye karatasi ya serikali haliishii kwangu. Huyu binti atakwenda kujieleza mbele, na huenda ikawa polisi. Kazi yake ni hizihizi karatasi, anajua." Akamgeukia mama, akamwuliza kwa Kifipa na kwa heshima. "Mama, siku ile ulisomewa?"

Mama hakumtazama mwenyekiti. Alinitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Najua nilichokuwa nikihisi, nilihisi hofu, hofu ya kawaida kabisa, kibanda changu, kodi ya meza, watu wa mahakamani wanavyoninyooshea kidole. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni tayari.

"Alinisomea," mama akasema.

Mwenyekiti akauliza tena. "Una uhakika, mama?"

"Alinisomea yote. Mimi ndiye niliyesahau. Uzee."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Yeye alikuwepo siku ile, alijua. Nami nilikuwa na muda. Katibu alikuwa mwandishi wa polepole, anatamka kila neno kabla ya kuliandika, na muda wote huo ningeweza kusimama. Benchi lilikuwa fupi, ningesimama kwa urahisi tu. Sikusimama. Nilimwangalia katibu akiandika kwamba mlalamikaji amekiri kusomewa, kwamba pande zote zimesuluhishwa kwa amani, kwamba mama ataachiwa avune maharage yaliyo juu ya ntumba na baada ya hapo mnunuzi atachukua shamba lake. Kisha akamsomea mama maelezo hayo yote, kwa Kifipa, na mara mbili akauliza kama ameelewa. Mama akasema ameelewa, akaweka dole gumba.

Mnunuzi alikuja kumwamkia mama kabla hajaondoka. Alisema ng'ombe wake hawataingia shambani mpaka avune. Mama akamshukuru, akamwuliza habari za watoto wake. Mdogo wangu aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo anapofika Chanji hukaa uani, haingii ndani.

Tulitembea mama na mimi mpaka barabarani, aje apumzike kwangu siku chache kabla ya kurudi kuvuna. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na alitembea akishika mgongo. Nilitembea nyuma yake kwa sababu sikuweza kutembea kando yake. Karibu na kituo nikashindwa.

"Mama, kwa nini ulisema vile? Umeliachia shamba."

"Wangekufunga."

"Ningejieleza, mama. Nilikuwa nimejiandaa. Ningewaambia ukweli."

Akasimama, akageuka, akanitazama kwa mshangao, kama mtu anayeuliza jambo asilolijua kweli.

"Ehe," alisema. "Mbona hukusema?"

Basi la Sumbawanga likafika, kondakta akashuka akamshika mama mkono ili apande, nami nikapanda nyuma yao.